Mechi za makundi tuangalizie wapi: kibanda umiza, nyumbani, kwenye simu au tupande basi twende uwanja wa Mkapa, Dar?

Kila mashindano yakikaribia naulizwa swali hilo hilo, maana mi nashona nguo hapa Ngamiani, Tanga, na redio yangu haizimwi, wateja wangu wanajua ukileta kitambaa unaondoka na habari za mpira. Swali lenyewe, dada safari hii tulipie kifurushi cha king'amuzi au tuendelee na kibanda cha kuangalia mpira kwa kiingilio? Na mi nauliza kwanza, kwa mechi zipi? Ikifika robo fainali hamna shida, mechi chache, siku zimeachana, popote utakapokaa utaona. Kazi ipo kwenye makundi. Wiki mbili na ushee, mechi tatu mpaka nne kwa siku, nyingine mchana watu wako kazini, nyingine usiku wa manane, na mzunguko wa tatu mechi mbili zinapigwa kwa wakati mmoja. Sehemu inayofaa mechi ya kwanza ya Stars, timu yetu ya taifa, haifai mechi ya tatu ya kundi la wengine, ndo maana watu wanalipia kitu halafu wanajuta.

Nianze na pesa kwasababu ndo inayoamua kwa wengi wetu. Kibanda cha mtaani kwetu ni jero, yaani mia tano, mechi ya kawaida, ikicheza Stars ni buku, elfu moja. AFCON, lile kombe la mataifa ya Afrika, ina timu 24 na mechi 36 za makundi, lakini usizidishe zote, ule mzunguko wa mwisho zinaenda mbili mbili kwahiyo kwa macho yako mawili utaona 30 tu. 30 mara jero ni elfu 15, ongeza elfu moja na mia tano ya zile tatu za Stars, 16,500. Hapo hujanunua mihogo wala maji. Nyumbani kwetu wenye wazimu wa mpira tuko wanne, sasa 16,500 mara nne ni 66,000, chukua hiyo ukaiweke pembeni ya bei ya kifurushi cha mwezi chenye chaneli inayoonyesha mashindano, utapata jibu lako mwenyewe. Mtu anayeishi peke yake geto na anataka mechi za Stars tu, huyo kifurushi cha nini, buku tatu zinamtosha kabisa. Ila hakikisha kabla hujalipa, uliza kifurushi hicho kinaonyesha mechi zote za makundi au baadhi, mi nilishalipia kimoja nikakuta nusu ya mechi ziko kwenye chaneli ambayo sijaifungua, nikakaa siku nzima napiga simu.

Kombe la Dunia la 2026 hesabu inabadilika. Timu 48, makundi 12, mechi 72 za makundi, ukitoa zile zinazogongana unabaki na nafasi 60, kwa jero ni elfu 30 kwa mtu mmoja. Na mechi zenyewe ziko Marekani, Canada na Mexico, saa zao ziko nyuma yetu mbali. Ile ya ufunguzi Mexico na Afrika Kusini Juni 11 ni saa 4 usiku kwetu, hiyo nzuri, lakini zinazochezwa jioni kule magharibi ya Marekani kwetu ni alfajiri, saa 10 huko. Kibanda gani Tanga kitafunguliwa saa 10 alfajiri wiki mbili mfululizo? Kwahiyo hii ya 2026 mi nasema wazi, nyumbani. Hata kama mnachangishana majirani watatu mkae sebule moja.

Sasa tuje kwenye kibanda chenyewe, maana hapa ndo moyo wangu ulipo na sitaki kuficha. Mechi ya Stars usiangalie peke yako. Nimeangalia Stars nyumbani, nimeangalia kibandani, havifanani hata kidogo. Desemba 2025 ile AFCON ya Morocco tulikuwa kundi C na Nigeria, Tunisia na Uganda, mechi ya kwanza na Nigeria tukafungwa 2-1. Katikati pale M'Mombwa alisawazisha, jamani, bati la kibanda lilipigwa makofi mpaka nikaogopa litatuangukia, mzee mmoja muuza samaki nisiyemjua kabisa akanishika mkono akisema binti yangu nimeona binti yangu nimeona. Dakika mbili baadae Lookman wa Nigeria akafunga la pili watu wakakaa kimya na wengine wakaondoka zao, eti lile la M'Mombwa ni goli la kufutia machozi.

Halikuwa la kufutia machozi. Tukaenda sare 1-1 na Uganda, penati ya Msuva, wakasawazisha. Siku ya mwisho Tunisia nao 1-1, Feisal Salum akasawazisha kipindi cha pili. Pointi mbili tu! Na filimbi ilipopulizwa kijana mmoja mwenye daftari, yule anakaa chini ya TV kila siku anaandika, akasimama juu ya benchi akapiga kelele tumepita, tumepita nyie. Watu hawamuelewi. Akaanza kueleza, Angola nao walikuwa wa tatu kundi lao kwa pointi mbili, tofauti ya magoli kutoa moja kama sisi, ila wao wamefunga mawili na sisi matatu. Comoro nao pointi mbili ila wako chini zaidi. Washindwa bora, yaani wale wa tatu wa kila kundi, wanachukuliwa wanne kati ya sita, sisi tushawapita wawili, basi. Yaani lile goli la M'Mombwa kwenye mechi tuliyofungwa ndo lilotuvusha makundi kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, toka AFCON ya 1980 kule Nigeria tunatoka mapema, 2019 Misri tumepigwa zote tatu, ya 2023 iliyochezwa Januari 2024 pointi mbili tukashika mkia. Nililia, sioni aibu kusema. Na ningekuwa nyumbani ningezima TV nikaenda kulala bila kujua, ningekuja kujua asubuhi kwa status za watu.

Ndo faida ya kibanda ambayo huwezi kuinunua na kifurushi, unapata watu wenye kumbukumbu na wenye hesabu. Wapo wanaokumbuka kadi za njano za timu nzima.

Lakini nisikudanganye upande wa pili, na hapa naongea hasa na dada zangu. Kibanda cha mchana na cha magharibi ni kizuri tu, unakaa karibu na mlango, unaenda na kaka au na shoga yako mwingine, watu wa kwetu wana heshima, wanakupisha, wanakuita dada. Cha saa 5 usiku ni habari nyingine. Januari 2024 ile AFCON ya Ivory Coast mechi yetu ya tatu na Kongo ilianza saa 5 usiku, ikaisha saa 7 kasoro huko. Tulihitaji ushindi tu, tukishinda tuna pointi nne tunapita. Nikaenda na kaka yangu kanipakia baiskeli. Joto la Januari unalijua, feni moja, watu wamebanana hadi dirishani, wengine wamelewa, na nilipotaka kutoka nje kupata hewa sikuweza kupita bila kusukumwa na mikono nisiyoitaka. 0-0. Tumerudi kimya barabara nzima, nikamwambia kaka mechi ya saa 5 sirudi tena kibandani hata acheze nani, na mpaka leo sijarudi. Kama wewe ni mwanamke, au una mtoto wa kiume wa miaka 12 anaetaka kwenda, weka mpaka wako wa saa na uusimamie. Wenye vibanda nao wangetenga benchi moja la mbele kwa wanawake na watoto wangepata wateja wengi sana, nimeshamwambia mmoja, kasema atafikiria.

Halafu usiku ule ule kuna kitu kikubwa hatukukiona. Kibanda kilikuwa na TV moja, na saa hizo hizo Morocco anacheza na Zambia. Ivory Coast wenyeji walikuwa wameshapigwa 4-0 na Equatorial Guinea, kocha keshaondolewa, wamekaa wanaomba Mungu Zambia asipate hata sare. Zambia akafungwa 1-0, Ziyech, Ivory Coast wakapenya kwa pointi tatu kama mshindwa bora wa mwisho, na mwezi uliofuata wakabeba kombe mbele ya Nigeria. Bingwa wa Afrika kaokolewa kwenye kundi letu sisi, tena mechi ya pembeni, na sisi tumeikosa.

Kwahiyo mzunguko wa tatu kigezo ni kimoja tu, skrini ngapi. Hii ya kuchezesha mbili pamoja ina sababu na ni sababu ya Kiafrika, vijana wengi hawaijui. Kombe la Dunia 1982 kule Hispania Algeria walimfunga Ujerumani Magharibi, wakamaliza mechi zao wakasubiri. Kesho yake Ujerumani na Austria wakacheza wakijua 1-0 inawapitisha wote wawili, Ujerumani akafunga dakika ya 10 halafu wakapasiana mpira mpaka mwisho. Algeria nje. Toka 1986 mechi za mwisho za kundi zinaanza kwa wakati mmoja. Tumeletewa raha hii kwa dhuluma waliyofanyiwa ndugu zetu, basi angalau tuangalie zote mbili.

Kibanda chenye TV mbili mtaani mwenu kipo? Kama kipo basi mzunguko wa tatu wa jioni nenda hapo, jero yako itafanya kazi. Desemba 2, 2022, siku ya Ijumaa, Kombe la Dunia la Qatar, Ghana na Uruguay TV ya kushoto, Korea Kusini na Ureno ya kulia, saa 12 jioni. Waliotoka kuswali magharibi walirudi wakakuta Ghana kapigwa mbili, huzuni, maana watu hawajasahau mkono wa Suárez wa 2010, yule wa Uruguay aliyeuzuia mpira wa Ghana kwa mkono usiingie golini. Mwishoni kabisa Korea akafunga la pili kule kulia, na kibanda kizima kikageuka kulia kwa pamoja kama safu ya swala, kwasababu goli hilo linamtoa Uruguay kwa idadi ya magoli ya kufunga! Ghana katoka, Uruguay katoka naye, Suárez analia kwenye benchi na Tanga watu wanakumbatiana. Kwa TV moja ungeona nusu ya hiyo.

Kama kibanda cha TV mbili hakipo, nyumbani inashinda bila mjadala, TV kwa mechi moja na simu au redio kwa nyingine. Kaa na karatasi. Nyumbani pia unaweza kubadilisha chaneli bila kuomba ruhusa, kibandani ukimwambia mwenye nacho hebu weka ile nyingine kidogo watu watakutoa nje.

Nyumbani ina jambo jingine ambalo kibanda hakina, wazee. Juni 2018 Kombe la Dunia Urusi, Denmark na Peru, mechi ya kundi ambayo kibandani nadhani waliingia watu sita. Mi nilikuwa sebuleni na baba, nashona mkono shanga za gauni la mteja, nikaona mgongoni kwa mshambuliaji wa Denmark kumeandikwa YURARY wakati mtangazaji anamwita Poulsen. Baba akasema huyo ni mtoto wa Tanga. Nikajua anatania. Akaniambia tulia, baba yake huyu kijana alitoka hapa hapa, akafanya kazi kwenye meli za mizigo mpaka Denmark, akafariki kwa saratani mtoto bado mdogo wa miaka sita, ndo kaamua kuvaa jina la baba yake mgongoni. Dakika ya 59 huyo Yurary akafunga, 1-0, ndo lilikuwa goli la mechi. Baba kapiga mkeka kofi kama kafunga Samatta. Toka siku hiyo Denmark ikicheza makundi mi naangalia, Euro iliyochezwa 2021 nayo aliwafunga Ubelgiji dakika ya pili tu ya mchezo. Hizo mechi ambazo mtaa hauna habari nazo ndo za nyumbani, zinataka utulivu na mtu wa kukusimulia. Baraza la kahawa nalo linaweza kuwa hivyo, wapo waliotundika TV ndogo juu ya mlango, huchangii kiingilio, unakunywa kahawa yako na kashata, na kwa wanaume watu wazima nadhani hapo ndo pazuri kuliko pote kwa mechi za saa 10 jioni. Sie wanawake tunasikilizia dirishani.

Simu niiseme haraka maana sina mapenzi nayo. Inakula bando, ukishaweka ubora wa juu GB zinayeyuka, na kubwa kuliko yote inachelewa. Agosti 2025 CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Stars na Mauritania, umeme ukakatika upande wetu nikakimbilia simu. Dakika za mwisho 0-0, mi kwenye simu naona mpira uko katikati ya uwanja, mara kelele kutoka mtaa wa pili kwenye kibanda cha jenereta, goooli! Nimekaa nasubiri kama nusu dakika nzima ndo Kapombe anafunga kwangu. Dakika ya 89, goli la ushindi, na mi nililipata limepoa. Afadhali redio siku hiyo. Redio inawahi, haili bando, na kwa mechi za mchana ukiwa kazini hakuna kinachoishinda, Argentina anapigwa 2-1 na Saudi Arabia Novemba 2022 ilikuwa saa 7 mchana na mi cherehani haikusimama hata dakika moja, nimeipata yote kwa masikio. Simu iwe msaidizi wa mzunguko wa tatu, isiwe mke mkubwa.

Uwanjani je? CHAN hiyo hiyo mechi ya ufunguzi Agosti 2 na Burkina Faso nilipanda basi Kange alfajiri. Tanga mpaka Dar ni kilomita kama 350, hesabu saa tano mpaka sita, unashushwa Mbezi, na kutoka Mbezi mpaka Temeke ulipo uwanja wa Mkapa ni safari nyingine kamili, kwahiyo ukisema mechi ni saa 2 usiku usipande basi la saa 6 mchana, utaisikia getini. Na hakuna kurudi usiku huo kwa utaratibu wa kawaida, lazima uwe na shangazi. Mi nina shangazi Mtoni nikalala kwake. Gharama ya siku mbili, nauli kwenda na kurudi, tiketi, chakula, kufunga duka Jumamosi, ilizidi kifurushi cha king'amuzi na ilizidi kibanda cha mashindano mazima.

Na ningerudia kesho. Penati ya Sopu kabla ya mapumziko, kichwa cha Tshabalala kipindi cha pili, 2-0, na ule uwanja wa watu elfu 60 unapoimba wimbo wa taifa unausikia mbavuni. Kama unachagua mechi moja tu ya kwenda uwanjani chagua ya makundi, usisubiri mtoano, makundi unajua tarehe mapema, unajua nani na nani, unaweza kuweka akiba polepole kwenye kibubu. Mtoano ulivyofika tulitolewa robo fainali na Morocco 1-0, waliosema tutaenda nusu fainali hawakwenda popote. AFCON ya 2027 tumepewa sisi na Kenya na Uganda, kibubu changu kiko juu ya kabati toka mwaka juzi, na kila gauni la harusi nikimaliza natia buku mbili.

Kwa hiyo Juni hii mi nishapanga. Ufunguzi saa 4 usiku naangalia nyumbani na mlango uko wazi kwa majirani, wakija waje na karanga. Za Waafrika zitakazoangukia jioni au usiku wa mapema, kibandani karibu na mlango. Za alfajiri naamka kwa zile mbili tatu tu ninazozitaka, sauti chini, watoto wamelala, nyingine nazisikia kwa redio nikifungua duka. Na mzunguko wa tatu nimemwambia kaka ile TV ndogo ya kichogo iliyoko stoo aipeleke kwa fundi, tuiweke juu ya meza ya cherehani pembeni ya hii kubwa, keshaichukua leo kaifunga kwenye keria ya baiskeli.